Do ni G, wimbo unakaa A: majibu kuhusu ufunguo wa nyimbo za modi

Barua za safari hii zimetoka Mwanza mjini, ng'ambo ya Sengerema na visiwani, na karibu zote zinalalamikia jambo moja: alama za mwanzo wa wimbo zinasema ufunguo huu, sikio linasema ule. Tumechagua tano. Kwa msomaji mgeni katika habari hizi, modi ni skeli (mfuatano wa nota) yenye nota zilezile za meja, ila inatulia kwenye nota nyingine. Ukipiga vibonye vyeupe tu, kutoka C hadi C ni meja, D hadi D ni doriani, E ni frijiani, F ni lidiani, G ni miksolidiani, A ni maina ya asili. B hadi B ni lokriani, ambayo kwaya yako inaweza kumaliza miaka bila kukutana nayo.

Nafundisha kwaya Nyakato. Tuna wimbo wa Kwaresima wa solfa (do, re, mi), Do = G, na nakala ya mistari ina shapu moja (alama ya kupandisha nota nusu sauti). Unaanza na re, unaishia re. Mpiga kinanda akifunga kwa kodi ya G (nota kadhaa zinazopigwa pamoja), watu wanabaki wamesimama kana kwamba kuna ubeti mwingine. Akifunga kwa E maina ndiyo kabisa. Mstari wa mwisho wa sauti ya kwanza ni s l t l, s f m r, d r. Tuuite ufunguo gani?

Mwalimu, wimbo wako uko A doriani. Shapu moja ni sahihi na Do = G ni sahihi. Tatizo ni kwamba mpiga kinanda wenu ameziomba alama hizo habari zisizokuwa nazo. Alama za mwanzo zinataja nota zilizomo, basi. Wimbo unatulia wapi, hilo lazima lisikilizwe. Mtumbwi unaweza kuvua ziwa zima, lakini una mwalo wake.

Kupata nyumbani pa wimbo, fanya hivi siku ya mazoezi. Watu wawili wa besi wavume nota moja tu, re (yaani A), ubeti mzima, huku wengine wanaimba kama kawaida. Rudieni, besi wakivuma do (G). Kisha la (E). Sikiliza miisho ya mistari, si katikati. Nota ya nyumbani ni ile ambayo kila mstari ukifika mwisho unalala juu yake bila kuomba kuendelea. Wanakwaya wenyewe watakuambia kabla hujauliza.

Nota ya kwanza si shahidi wa kutegemewa, kwa sababu nyimbo nyingi huanzia nota ya tano ya nyumbani. Ya mwisho ni bora zaidi, lakini tazama ya besi. Sauti ya kwanza huweza kumaliza kwenye nota ya tatu au ya tano ya kodi na ikakupoteza.

Ukishapata A, hesabu nusu sauti kwenda juu. Kila kibonye kinachofuata ni moja, cheusi na cheupe vilevile, na kibonye unachoanzia hakihesabiwi (hapo ndipo wengi wanapokosea kwa moja). Kutoka A hadi nota ya tatu, C, ni nusu sauti 3. Hiyo ni familia ya maina. Zingekuwa 4 ingekuwa familia ya meja. Ndani ya familia ya maina unabaki na maswali mawili. Nota ya pili iko umbali gani? Kwako ni B, nusu sauti 2, kwa hiyo si frijiani, ambayo ingekuwa na 1. Nota ya sita je? Ni F-shapu, nusu sauti 9. Maina ya asili ingekuwa na F ya kawaida, nusu sauti 8. Tisa ndiyo doriani. Ona jinsi ushahidi ulivyo mwembamba: ni ile t moja katika s l t l. Kama wimbo usingegusa ti popote, usingeweza kusema kwa hakika ni doriani au maina ya asili, na wala usingehitaji kujua.

Kwa familia ya meja maswali ni mengine. Nota ya nne ikiwa nusu sauti 6 badala ya 5, ni lidiani. Ya saba ikiwa 10 badala ya 11, ni miksolidiani.

Msomaji wa solfa ana njia ya mkato ambayo mpiga gitaa hana. Ukijua nyumbani ni silabi gani, modi umeshaijua: do ni meja, re doriani, mi frijiani, fa lidiani, so miksolidiani, la maina. Kwa shapu moja, basi, unaweza kuwa na G meja, A doriani, B frijiani, C lidiani, D miksolidiani au E maina. Mpiga kinanda wenu anajua ya kwanza na ya mwisho tu, ndiyo maana alijaribu hizo mbili akaishiwa.

Sasa kodi. Zilizo salama ni A maina, C, D, E maina na G. D ndiyo yenye ladha ya modi, maana inabeba ile F-shapu. Kwa kituo chenu cha mwisho, d r, piga G kisha A maina. E maina kwenda A maina nayo inafaa. Kosa mnalopaswa kulitazamia ni E meja kabla ya A maina. Mpiga kinanda aliyezoea maina za kawaida ataiweka bila kufikiri, na E meja ina G-shapu wakati sauti ya kwanza inaimba do, yaani G ya kawaida, mahali hapohapo. Watu watasema kwaya imetoka nje ya sauti, kumbe kwaya haina kosa. Ipigeni E meja pale tu ambapo mtunzi ameandika de (do iliyopandishwa nusu sauti) kwenye mojawapo ya sauti.

Kama mpiga kinanda ni wa vibonye vyeupe tu (na wako wengi, tusifichane), aweke vidole D kama nyumbani, asiguse cheusi, halafu kitufe cha kupandisha na kushusha akiweke −5. Itatoka A doriani yenyewe.

Usishangae pia ukikuta nakala nyingine ya wimbo huohuo haina shapu mwanzoni, na solfa yake ni Do = C yenye fe (fa iliyopandishwa) kila mahali. Huyo mwandishi ameuita A maina na kuipandisha nota ya sita kila inapotokea. Muziki ni uleule. Hatari ni kugawa nakala za aina mbili kwa kwaya moja: tenori wanasoma re, besi wanasoma la, na mazoezi yote yanaishia kwenye ubishi.

Bendi yetu inapiga kumbi za Kirumba. Tuna wimbo unaozunguka G, F, C, G mwanzo hadi mwisho. Programu ya simu inasema C meja, mpiga besi anasema G. Mpiga solo akichukua skeli ya G kuna nota moja inatoka chafu. Nani mkweli?

Mpiga besi. Nota chafu ni F-shapu: iko kwenye skeli ya G meja lakini kodi yenu ya pili ni F. Wimbo uko G miksolidiani.

Programu haikudanganya kwa makusudi. Inahesabu nota zinazosikika na kuzilinganisha na mifano iliyowekewa, na nyingi zimewekewa meja na maina tu. Ikikuta nota saba za vibonye vyeupe, majibu iliyonayo ni C meja au A maina. Itumieni kwa kujua nota zilizomo, swali la nyumbani mlijibu wenyewe.

Mnalijibuje? Kwa kupima vitu vinne pamoja: kodi inayoangukia pigo la kwanza la mzunguko, kodi inayokaa muda mrefu, nota ambayo mwimbaji anamalizia mstari, na kodi mnayofungia wimbo. Kisha fanyeni jaribio la kikatili kidogo. Kiongozi ainue mkono bendi ikate ghafla kwenye C. Rudieni, ikate kwenye G. Mkato mmoja utasikika kama umeme umekatika, mwingine kama wimbo umeisha.

Lakini msiligeuze jibu hili kuwa sheria ya kodi tatu. Zipangeni C, F, G, C, mwimbaji amalizie C, hapo ni C meja bila mabishano. Na wimbo unaweza kuhama: ubeti ukae G, kiitikio kifunge kwa F, G, C na kitulie C. Ikiwa hivyo, andikeni nyumbani mbili kwenye karatasi yenu. Kulazimisha jina moja kwa wimbo mzima hakumsaidii mtu.

Mpiga solo acheze nota zote za C meja, ila mzunguko ukianza atue G, B au D. C juu ya kodi ya G aipitie tu. Akiing'ang'ania inagongana na B ya gitaa la rithimu. F ya kawaida juu ya kodi ya G aipige bila woga, ndiyo inayoufanya wimbo usiwe meja ya kila siku.

Mtego mkubwa uko kwa rithimu. Mwisho wa mzunguko mkono unatamani D7 ili "kurudisha" G. D7 ni D, F-shapu, A, C. Hapo solo yuko na F, rithimu yuko na F-shapu, na fundi mitambo anaanza kuchezea vitufe akidhani ni spika. Mkitaka kodi ya kurudisha, tumieni D maina, au F iende G moja kwa moja.

Kuna jambo moja la mwimbaji. Waimbaji wengi wakipanda kuelekea G huipandisha F iwe F-shapu bila kujijua, na wakishuka wanaimba F ya kawaida. Akifanya hivyo kila mara mahali palepale, msimsahihishe. Ondoeni F kwenye vyombo kwa pigo hilo tu.

Mkihamisha wimbo kwa ajili ya mwimbaji wa kike, kodi zote zihame pamoja: kwa A ni A, G, D, alama ni shapu 2 na si 3 za A meja. Kapo (kibanio cha shingo ya gitaa) kwenye tundu la pili na vidole vya G, F, C vinakufikisha hapohapo. Kwa B-flati (B iliyoshushwa nusu sauti) ni B-flati, A-flati, E-flati, alama ni flati 3.

Tumsifu Yesu Kristo. Napiga kinanda parokiani upande wa Sengerema. Tumeanza tena nyimbo za Kigregori, zile za kale za Kilatini. Kitabu kina mistari minne, hakuna jina la ufunguo, mwanzoni kuna namba ya Kirumi tu, kwa mfano VIII. Nianzie kibonye gani?

Milele amina. Namba hiyo ndiyo modi, na inakupa vitu viwili: nota ya kumalizia na nota ya kukariri, ile ambayo maneno mengi ya zaburi hukaa juu yake. I humaliza re, hukariri la. II ni re na fa. III ni mi na do. IV ni mi na la. V ni fa na do. VI ni fa na la. VII ni so na re. VIII ni so na do. Namba witwa hupanda kama oktava nzima juu ya nota ya kumalizia. Namba shufwa huizunguka na kushuka chini yake.

Alama ya mfano wa herufi C kwenye mstari inaonyesha do ilipo. Haisemi do iwe juu kiasi gani, hilo unaamua wewe kwa kutazama waumini ulionao. Kanuni inayofanya kazi: weka nota ya kukariri kwenye A, au kwenye G kama ni misa ya kwanza na sauti bado nzito.

Chukua VIII, modi ya Veni Creator Spiritus. Kukariri ni do, kwa hiyo do = A. Unapiga kwa shapu 3, lakini wimbo unatulia so, yaani E. Ni E miksolidiani, na ukifunga kwa kodi ya A umewaacha watu hewani. Ukishusha do iwe G, ni shapu moja na wimbo unaishia D. Kwa namba I, la = A, basi do = C: hakuna alama, unaishia D. Kwa VII, re = A, do = G, shapu moja, unaishia D. Tatu hizo zikikaa mkononi, nyingine utazipata kwa hesabu ileile.

Flati ya kwenye ti (yaani ta) utaikuta sana katika I, II, V na VI. Hudumu hadi mwisho wa neno au hadi mstari wa kugawa, usiibebe wimbo mzima. Ila V yenye ta kila mahali ni meja ya kawaida: do = A, unaishia D, na masikio yatasikia D meja. Usijitese kutafuta lidiani hapo.

Wapigaji huanguka zaidi kwenye III. Kwa do = G inaishia mi, yaani B. Mazoea yanataka F-shapu meja kabla ya B, kodi inayodai A-shapu na C-shapu, na hakuna hata moja iliyomo. Piga C kisha B maina, taratibu, na besi yako ishuke nusu sauti kutoka C hadi B. Huo mshuko ndio frijiani yenyewe.

Nimerekodi wimbo wa kulima Ukerewe. Nota ni tano tu: D, F, G, A, C, na unatulia D. Mimi nimeandika Do = F, mwenzangu Do = C. Tumebishana wiki nzima.

Mngeweza kubishana mwaka. Nota hizo tano zimo katika F meja, zimo katika C meja, na zimo hata katika B-flati meja. Kinachozitofautisha ni nota ya pili na ya sita kutoka D (E au E-flati, B au B-flati), na wimbo wenu hauna hata moja. Kwa Do = F ungekuwa maina ya asili, kwa Do = C doriani, kwa Do = B-flati frijiani. Wimbo haujachagua, nanyi msiuchagulie. Nyumbani ni D, na nota ya tatu ni ya maina. Hayo mawili ndiyo yanayoweza kuthibitishwa.

Kwa karatasi tunapendelea Do = F, kwa sababu waimbaji watasoma l d r m s, silabi nyepesi. Kwa Do = C wangesoma r f s l d, ambayo si kosa ila inawachosha. Mkiongeza sauti ya pili, jihadharini: mtu akiweka B au B-flati ili apate nota ya tatu chini ya D, ameamua modi kwa niaba ya wazee waliouimba. Sauti ya pili iliyojengwa kwa nota zilezile tano inawezekana kabisa, kwa kutumia nafasi za nne na tano.

Kabla ya hayo, hakikisheni D ni D. Wanaoimba bila chombo huweza kushuka nusu sauti nzima kati ya ubeti wa kwanza na wa mwisho. Pimeni nota ya nyumbani mwisho wa ubeti wa kwanza, pimeni tena mwisho wa ubeti wa mwisho, chagueni moja, kisha sogezeni mlio wa kinanda uufuate urekodi. Na kama kuna ala za nyuzi, nanga au zeze, nyuma, msishangae waya mmoja kuangukia katikati ya vibonye viwili.

Assalaam alaykum. Kikundi chetu cha kaswida kiko Mkolani. Nota zetu ni D, E-flati, F-shapu, G, A, B-flati, C. Mpiga kinanda anasema ni G maina.

Waalaykum salaam. Nota kweli ni za G maina yenye saba iliyopandishwa, lakini kama mistari inarudi D, hiyo ni Hijazi ya D, mojawapo ya modi za muziki wa Kiarabu. Alama yake kubwa ni ile nafasi ya nusu sauti 3 kati ya E-flati na F-shapu. Andikeni flati 2 mwanzoni, na F-shapu muiandike kila inapotokea. Fungeni kwa E-flati kwenda D meja, au C maina kwenda D meja. A7 iacheni, ina C-shapu na E ya kawaida.

Mkihamia Bayati ya D au Rasti ya C, modi nyingine za Kiarabu, E inakaa kati ya E na E-flati. Kwenye kinanda chenye sehemu ya kurekebisha skeli, shusheni E kwa senti 50 (nusu ya nusu sauti), na kwa Rasti shusheni na B pia. Kama kinanda hakina sehemu hiyo, E iachieni sauti na fidla, na kinanda kishike D, G na A kwa Bayati, au C, F na G kwa Rasti.